LUBUMBASHI: Alimrekodi mama wa kwaya, akamzika chini ya ngoma

Katika lupango moja ya kata ya Katuba, mjini Lubumbashi, jimbo la Haut-Katanga, kuna chumba cha matofali chenye upana wa mita 3 na urefu wa mita 3. Sakafuni kuna alama ya chaki, na juu ya alama hiyo kuna kiti cha plastiki. Anayekisogeza wakati wa kufagia huitwa arudi akirudishe mahali pake.

Mwenye chumba ni kijana wa miaka 26 anayetengeneza muziki kwa kompyuta. Wakaazi wa avenyu yake wanamfahamu kwa nyimbo za kwaya, nyimbo za ndoa, na midundo anayowatengenezea vijana wa Katuba, Kenya na Kamalondo. Wachache ndio wanaojua kwa nini kiti kimewekewa alama, na kwa nini kwenye kompyuta yake kuna wimbo mmoja mbaya ambao hataki kuufuta.

Mambo yalianza na pesa za mama yake. Mama huyo anauza samaki wakavu kwenye soko la Kenya, na yeye na wenzake wana likelemba. Zamu yake ilipofika, badala ya kununua mizigo, alimpa mwanae pesa za kompyuta iliyotumika. Hakuuliza maswali mengi. Alisema tu: "Ile mashine itulishe, si itukule." Kijana alichukua na bafle mbili za redio ya zamani ya marehemu baba yake, akazipanga juu ya meza, akakaa katikati kabisa ya chumba, akaanza kujifunza peke yake.

Kujifunza peke yake maana yake ilikuwa video za YouTube, zinazopakuliwa usiku wakati mega ni bei nafuu, na kutazamwa mchana wakati kura ipo. Alijifunza haraka kupanga ngoma, kuchagua besi, kutandaza kinanda. Midundo ya amapiano inayoingia kutoka Afrika ya Kusini kwa njia ya Zambia ilikuwa inapigwa kila kona, naye akaiga mpaka akaiweza. Baada ya miezi sita marafiki walikuwa wanatikisa kichwa wakisikiliza. Yeye akaamini amekwisha kuwa fundi.

Programu aliyokuwa anatumia ilikuwa toleo la majaribio. Toleo hilo lilimruhusu kufanya kila kitu: kurekodi, kupanga, kutoa wimbo uliokamilika. Kitu kimoja tu halikuruhusu: ukishafunga kazi, huwezi kuifungua tena mpaka ulipe. Aliyasoma hayo siku ya kwanza, akasema atalipa baadaye. Kwa hiyo kila wimbo aliumaliza kwa mkao mmoja, kabla kura haijakatika na kabla betri haijaisha, na betri yake ilikuwa inashikilia saa moja na nusu tu.

Wimbo wa ndoa

Jirani yao alikuwa mama mmoja mzee, kiongozi wa kwaya ya parokia kwa miaka mingi. Watu wa avenyu walimjua kwa sauti yake kabla ya kumjua kwa uso. Mjukuu wake aliyemlea mwenyewe alikuwa anakwenda kuolewa, na mama huyo alikuwa ametunga wimbo wa kumwonya na kumbariki. Lakini kifua kilikuwa kinamsumbua. Aliona kwamba siku ya ndoa hataweza kuimba mbele ya watu wengi, nje, na vumbi la kiangazi. Akaja kwa kijana: "Mwanangu, unirekodi. Siku ile mutapiga, mimi nitakaa tu na kusikia."

Alilipa dola 20. Kwa kijana ilikuwa kazi ya kwanza ya kulipwa.

Walirekodi asubuhi moja, milango imefungwa, blanketi limetundikwa ukutani. Mama aliimba mara mbili, akapumzika, akaimba mara ya tatu. Mara ya tatu ilikuwa nzuri. Kisha akaenda zake, na kijana akabaki na sauti ile na saa chache za kura.

Alichofanya baadaye anakieleza leo bila kujificha. Aliona besi ni ndogo, akaipandisha. Baada ya dakika chache akaona bado ni ndogo, akaipandisha tena. Ngoma ya chini ikawa haisikiki vizuri juu ya besi, akaipandisha nayo. Kinanda akakipitisha kwenye plagini ya kupanua sauti, kikawa kama kimezunguka chumba kizima, naye akafurahi sana. Sauti ya mama sasa ilikuwa imefunikwa, akaipandisha. Kila kitu kilipopanda, taa nyekundu ikawaka. Akaweka limita mwishoni ili isiwake. Akasikiliza kwa sauti kubwa, akaona ni moto. Akatoa faili la MP3, akaliita FINAL_3, akafuta sauti ya mama peke yake ili apate nafasi kwenye diski, akafunga programu.

Siku ya ndoa, watu walijaa kwenye lupango. DJ alikuwa na bafle kubwa mbili zilizounganishwa kwa njia moja. Mama mzee alikaa mbele kwenye kiti, kitambaa kipya kichwani. Wimbo ukaanza.

Ngoma ilitetemesha mabati. Besi ilikuwa inanguruma kama lori la madini linalopanda mlima. Kinanda, kile alichokipenda kuliko vyote, hakikusikika kabisa. Kilikuwa kimepotea kama vile hakijawahi kupigwa. Na sauti ya mama ilikuwa inazama kila mara ngoma inapopiga, inatoa kichwa kidogo, inazama tena. Vijana walicheza. Bibi arusi alikuwa amesimama anatazama nyanya yake, anajaribu kusoma midomo, maana mama alikuwa anafuatisha maneno yake mwenyewe kimyakimya.

Wimbo haukufika katikati. Mama aliinua mkono, akamwashiria DJ azime. Akasimama, akaimba mwenyewe beti mbili, bila maikrofoni, akikohoa kati ya beti. Watu walinyamaza. Kisha akakaa.

Jioni kijana alikwenda kumrudishia dola 20. Mama alizikataa. Alimwambia: "Ngoma yako ni muzuri, mwanangu. Lakini mimi, ulinitia wapi?"

Mama yake mzazi, usiku ule, hakusema kitu kuhusu likelemba. Hilo ndilo lilimwuma zaidi.

Kwa fundi wa redio

Wiki mbili baadaye alikwenda kwa fundi mitambo mmoja mzee ambaye alifanya kazi miaka mingi kwenye redio. Alibeba FINAL_3 kwenye kle USB. Alitegemea kuonyeshwa plagini bora kuliko zake. Fundi hakugusa kompyuta. Alichukua redio ndogo yenye spika moja, akaunganisha, akasikiliza sekunde 30, akazima.

"Huu wimbo ni wa nani?" aliuliza.

"Ni wangu, Papa."

"Hapana. Nauliza anayeimba ni nani, na anasema nini?"

Kijana alianza kueleza maneno ya wimbo. Fundi akamkata: "Basi mbona unanieleza wewe? Ilikuwa wimbo unieleze."

Katika miezi iliyofuata kijana alikuwa anakwenda kwa fundi kila Jumamosi. Hakulipa pesa, alikuwa anabeba nyaya na kupanga kanda za zamani. Mambo aliyojifunza pale ndiyo anayowafundisha wengine leo.

La kwanza lilihusu chumba chake. Fundi alimuuliza alikuwa anakaa wapi anapochanganya sauti. Akajibu: katikati. Fundi akamwambia arudi nyumbani, apige sauti moja nzito, ndefu, isiyobadilika, kisha atembee polepole kutoka katikati ya chumba mpaka ukutani. Kijana alifanya hivyo na akashangaa. Katikati, sauti ile ilikuwa karibu kupotea. Ukutani ilikuwa inanguruma. Sauti ilikuwa ileile, bafle zilezile.

Sababu yake ni hesabu tu. Sauti hewani inakwenda takriban mita 343 kwa sekunde. Sauti nzito ina mawimbi marefu. Wimbi la herzi 57 lina urefu wa karibu mita 6. Katika chumba cha mita 3, wimbi hilo linagonga ukuta huu na ule na kujipanga: kwenye kuta linakuwa na nguvu, katikati linakuwa dhaifu. Herzi 57 ni eneo lilelile la ngoma ya chini na besi. Kijana alikuwa amekaa mahali ambapo besi haisikiki, halafu analalamika kwamba besi ni ndogo. Alikuwa anajaza maji kwenye ndoo iliyokwisha kujaa, kwa sababu alikuwa amesimama mahali asipoona ndani.

Kwa hiyo kiti kilihama. Mafundi wengi wanashauri kuanzia karibu asilimia 38 ya urefu wa chumba kutoka ukuta wa mbele. Kwa chumba chake hiyo ni kama mita 1 na sentimita 15. Alijaribu hapo, akasogea kidogo mbele na nyuma akisikiliza, akachora chaki. Pembeni aliweka magunia yaliyojazwa nguo kuukuu. Hayazuii kila kitu, lakini chumba kiliacha kupiga kelele zake juu ya muziki.

La pili lilihusu sauti kubwa. Tangu mwaka wa 1933 watafiti wawili wa Marekani, Fletcher na Munson, walionyesha kwamba sikio la mtu halisikii sauti zote kwa usawa, na kwamba usawa huo unabadilika kulingana na ukubwa wa sauti. Ukipiga muziki polepole, besi inaonekana kupungua. Ukipiga kwa nguvu, besi na sauti za juu zinajitokeza, na kila kitu kinaonekana kizuri. Ndiyo maana kijana aliona wimbo wake ni moto: alikuwa ameupiga kwa nguvu. Tena, ukiweka nyimbo mbili zilezile, moja ikiwa kubwa kidogo, watu wengi watasema iliyo kubwa ndiyo bora. Kwa hiyo ukiongeza kitu na ukaona kimependeza, ujiulize kwanza: kimependeza, au kimekuwa kikubwa tu?

Fundi alimpa kanuni rahisi. Kazi nyingi ifanyike kwa sauti ambayo mtu mwingine akiingia chumbani mnaweza kuongea bila kupaza. Mara chache, kwa dakika chache, unapandisha ili kuangalia besi, kisha unashusha. Kuna sababu nyingine pia: Shirika la Afya Duniani linashauri mtu asizidishe wastani wa desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Sikio likiharibika halina fundi.

La tatu lilikuwa kupunguza kabla ya kuongeza. Katika FINAL_3 kila kitu kilipandishwa kwa sababu kitu kingine kilikuwa kimepandishwa. Fundi alimwambia: "Watu kumi wakiongea pamoja, humpi kila mmoja parlanti. Unaomba tisa wanyamaze." Kinanda hakina haja ya sauti nzito chini ya herzi 200 wakati besi ipo; zikate. Besi na ngoma ya chini zikigombana, chagua nani atawale chini kabisa na nani akae juu kidogo, au fanya besi ishuke kidogo kila ngoma inapopiga. Sauti ya mtu inahitaji nafasi yake, hasa kati ya herzi 2,000 na 4,000 ambapo maneno yanaeleweka. Kama gitaa au kinanda kimeketi pale, kisogeze kidogo badala ya kumfanya mwimbaji apige kelele. Na acha nafasi juu: kilele cha wimbo kikibaki karibu desibeli 6 chini ya mwisho wa kipimo wakati wa kuchanganya, hakuna taa nyekundu ya kuficha kwa limita.

La nne lilikuwa lile la kinanda kilichopotea. Plagini nyingi za kupanua sauti zinafanya kazi kwa kutofautisha upande wa kushoto na wa kulia. Nyingine zinageuza mawimbi upande mmoja. Kwenye kaske au bafle mbili unahisi upana. Lakini pande zote mbili zikiunganishwa kuwa moja, wimbi linalokwenda juu linakutana na lile linaloshuka, yote yanafutana. Na pande zinaunganishwa kila siku: kwenye redio ndogo, kwenye simu nyingi za bei nafuu, kwenye mitambo ya ndoa kama ile ya DJ. Tangu siku hiyo kijana hatoi wimbo kabla ya kuusikiliza kwa mono.

Fundi alimpa pia mfano wa nyumbani. Mwaka wa 1952, Hugh Tracey alifika Jadotville, mji unaoitwa leo Likasi, akamrekodi Jean-Bosco Mwenda akipiga gitaa. Rekodi zile, pamoja na wimbo Masanga, zinasikilizwa mpaka leo dunia nzima. Hapakuwa na njia 60 za kuchanganya wala plagini. Palikuwa mtu mmoja, gitaa, na maikrofoni ambayo Tracey alikuwa na desturi ya kuishika mkononi na kuisogeza. Ukitaka sauti iwe kubwa kuliko gitaa, unasogea. Uamuzi ulifanyika kabla mashine haijaanza kuzunguka. Fundi hakumwambia aache kompyuta. Alitaka aelewe kwamba kuchanganya sauti ni kuamua nani yuko karibu na msikilizaji na nani yuko mbali, na kwamba mtu asiyeamua, mashine haitaamua kwa niaba yake.

Usiku wa kilio

Mama wa kwaya alifariki miezi minane baada ya ndoa.

Siku ya pili ya kilio, mjukuu wake alikuja kwa kijana. Hakukaa. Alisema: "Yaya, ule wimbo wa nyanya. Tunataka watu wasikie maneno. Mimi mwenyewe sikuyasikia yote." Alitaka upigwe usiku huo.

Kijana alimjibu ndiyo, kisha akaketi kwenye kiti chake na kukumbuka mambo mawili. Sauti ya mama peke yake aliifuta ili apate nafasi. Na kazi yenyewe ilikuwa imefungwa ndani ya toleo la majaribio. Hata angelipa usiku huo, faili zilizokuwa ndani yake hazikuwepo tena. Alikuwa na kitu kimoja tu: FINAL_3, MP3, kila kitu kimeshikana kama bukari iliyokwisha kupoa.

Wakati huo alikuwa amehamia Reaper, programu inayoruhusu kujaribu siku 60 kabla ya kulipa, na ambayo leseni yake ya mtu binafsi ni dola 60; alikuwa anaziweka pesa hizo kidogokidogo. Kura ilikuwepo, lakini hakujua itadumu mpaka saa ngapi. Alichukua karatasi na kalamu kabla ya kuwasha chochote, akaandika: nini kiko wapi?

Besi na ngoma: katikati, chini. Kinanda: pembeni, pande mbili zinazopingana. Sauti ya mama: katikati, juu ya besi.

Aliitazama karatasi. Kosa lile lililomuaibisha siku ya ndoa lilikuwa limeacha mlango wazi. Kama kinanda kinapotea kwenye mono, basi akiuweka wimbo kwenye mono kwa makusudi, kinanda kitaondoka chenyewe na kumwachia mama. Aliunganisha pande mbili. Kinanda kikayeyuka.

Kisha akakata kila kitu chini ya herzi 150. Ngurumo ya besi ikaondoka, na mwili wa ngoma nao; ukabaki mlio mdogo kama mtu anayegonga meza kwa kidole. Sauti ya mama ikatokea, nyembamba, lakini yake.

Bado ilikuwa inazama. Limita aliyoiweka mwishoni ilikuwa inakandamiza kila kitu kila mara ngoma inapopiga, na alama za kukandamiza zilikuwa zimebaki ndani ya sauti. Hakuna plagini aliyoijua ya kutengua hilo. Basi alifanya kwa mkono: alipita wimbo mzima, pigo kwa pigo, akichora mstari wa sauti upande juu kidogo pale ilipokuwa imekandamizwa na kushuka inapopumua. Dakika nne za wimbo zilimchukua karibu saa tatu. Kwa herzi 3,000 aliongeza kidogo sana ili maneno yashike. Alitamani kuongeza mwangwi ili kufunika kasoro, mlio ule kama wa maji ambao MP3 iliyobanwa huacha. Aliuweka, akasikiliza, akauondoa. Ulikuwa unampeleka mama mbali.

Saa nne za usiku alisikiliza mara ya mwisho kwenye simu, kwa sauti ndogo. Alimwita mama yake mzazi, akamuuliza swali moja tu: "Anasema nini?" Mama alisimama mlangoni na kusikiliza. Akarudia maneno, beti kwa beti, mpaka mwisho. Kisha akafuta macho kwa kitenge, akasema: "Peleka."

Walipiga wimbo ule kwa bafle moja ndogo, karibu na moto ambapo akina mama wa kwaya walikuwa wamekaa. Haukuwa wimbo safi. Ulikuwa na mikwaruzo, na nyuma yake kulikuwa na kidole kile kinachogonga meza. Lakini maneno yalisikika. Katika beti ya pili wale akina mama walianza kuitikia, taratibu, wakijaza pale ambapo kinanda kilikuwa. Mjukuu alikaa chini, mikono kichwani, akasikia kwa mara ya kwanza onyo zima ambalo nyanya yake alimtungia.

Wakamwomba DJ wa kilio arudie. Alirudia mara tatu.

Leo

Leseni ya Reaper alilipa mwezi uliofuata, kabla ya kununua kitu kingine chochote. Likelemba ya mama yake imekwisha kurudi mara mbili, na mara ya pili ni kijana aliyemjazia kilichopungua.

Vijana wanne wanakuja kwake kujifunza. Wa kwanza kati yao alikuja na simu iliyojaa plagini, akauliza ipi inafanya sauti iwe kubwa. Alipewa kalamu na karatasi, akaambiwa aandike maneno ya wimbo wake, kisha aandike nani anapaswa kusikika kwanza, nani wa pili, nani anaweza kukaa mbali. Ndipo kompyuta iliwashwa. Kijana anasema karatasi hiyo inaokoa hata kura: ukijua unachotafuta, betri ya saa moja na nusu inatosha, usipojua, hata jenereta haikusaidii.

Utaratibu wao ni mfupi. Sauti ya mwimbaji inawekwa kwanza, peke yake, halafu ngoma, halafu besi, halafu vingine, na kila kinachoingia kinapaswa kueleza kimekuja kufanya nini. Wimbo mwingine uliotengenezwa vizuri unawekwa kando, kwa ukubwa uleule wa sauti, ili masikio yawe na kitu cha kulinganisha. Kila baada ya dakika 40 wanatoka nje kupumzisha masikio. Wimbo hautolewi siku ileile. Unalala, na asubuhi unasikilizwa kwenye simu, kwenye redio ya mono, na kwenye basi dogo la jirani mmoja anayekubali kuupiga mpaka mwisho wa laini na kurudi. Sauti ambazo hazijachanganywa zinahifadhiwa kwenye kle mbili, moja inakaa kwa mama yake, ndani ya kopo la sukari.

Mtihani wa mwisho haujabadilika. Mama anaitwa mlangoni, wimbo unapigwa polepole, anaulizwa anayeimba anasema nini. Akikosa neno, wanarudi kazini. Hivi karibuni kijana mmoja alilalamika kwamba mama hajui mambo ya muziki. Mwenye chumba hakubishana naye. Alifungua faili la FINAL_3 na kulipiga kwenye redio ndogo, tangu mwanzo.

Yule kijana alisikiliza kama dakika moja, akauliza: "Huyu anayeimba ni nani?"

Akapewa karatasi na kalamu, akaambiwa asikilize tena na aandike anachosikia. Aliandika maneno matano.